Bwana Mifugo Asiyekula Maini

Siku ya Idi ya kuchinja, wageni wa kwetu Dutumi hubisha hodi wakinukia udi. Yeye alibisha hodi akiwa na kisu. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja, mpini umefungwa waya wa shaba, na alikipangusa kwa leso nyeupe kabla hata hajamaliza kuitikia salamu. Pilau hakutaka. Paja hakutaka. Alitaka kuliona ini.

"Niazimeni kidogo," alisema. "Nitawarudishia."

Sasa, kwetu ini ndilo la kwanza kuingia jikoni. Nyama nyingine inagawanywa, inapelekwa kwa majirani, inangoja zamu yake. Ini linakaangwa palepale na kitunguu, na waliochinja wanapata kipande mkononi kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo mtu anayeingia uani na kuomba kuazima ini anakuwa amesimama katikati ya familia na furaha yake. Yeye hakujali. Alilitandaza juu ya jani la mgomba, akalichana mara tatu, akaminya kwa vidole gumba, na sisi tukanyamaza kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne.

Mara nyingine alisema, "Safi. Kuleni, na mliivishe vizuri." Mara nyingine kwenye mrija wa nyongo kilichomoza kitu bapa, cha rangi ya jani lililokauka, kikijikunja taratibu, na mama mwenye nyumba akaziba mdomo kwa khanga.

"Huyu hapa," alisema Bwana Mifugo, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani.

Yeye mwenyewe maini hakula. Hata yale aliyoyapitisha kwa mkono wake hakuyagusa. Ukimsogezea sinia alichagua mbavu, akasema amekwishajuana na maini vya kutosha.

Jina analo. Limeandikwa kwa mkono wake, herufi za kulala, kwenye kadi za chanjo zilizochomekwa kwenye mapaa ya mabanda kuanzia kwetu hadi Mlandizi. Ila sijawahi kulisikia likitamkwa. Alikuwa Bwana Mifugo alipokuwa mwajiriwa, akabaki Bwana Mifugo alipostaafu, na kijana aliyeletwa kushika nafasi yake aliitwa "yule Bwana Mifugo mwingine" mpaka akahamishwa. Alikotoka sikujua zaidi ya kwamba ni bara, kwamba Jumapili alikuwa mtu wa kwaya, na kwamba sauti yake kwenye kwaya ilivumiliwa kwa heshima ya utumishi wake. Ukoo wake sikuuliza. Mtu akikujia miaka na miaka, na kila akija anaulizia choo cha kondoo wako, huoni pa kuchomeka swali la babu yake.

Mimi ni mtu wa ndani. Nisingependa kulizunguka hilo, maana kulizunguka nako ni kutembea. Ni fundi cherehani, elimu yangu kidato cha nne, Biolojia nilipata D na mpaka leo nashuku kuwa msahihishaji alinionea huruma. Cherehani yangu iko barazani, na kutoka barazani hadi kitandani ni hatua kumi na moja. Safari nyingine zote nazihesabu kuwa ni ziada. Nikienda Mlandizi kununua nyuzi narudi nikisimulia kama niliyetoka Hija. Bwana Mifugo, aliyekuwa akishinda juu ya pikipiki kuukuu akikatiza mashamba ya watu, alinitazama siku ya kwanza nikiwa nimejikunja kwenye cherehani saa nne asubuhi, akatazama tena saa kumi jioni alipokuwa akirudi, akanikuta palepale. Akanipa jina. Aliniita Mwali.

Kwa asiyejua mambo ya Wazaramo na Wakwere, mwali ni binti aliyevunja ungo, anayewekwa ndani asionekane na watu mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Mimi wakati huo nilikuwa na ndevu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, Mwali. Ngoma lini?"

"Bado wananipaka manjano."

"Waambie waongeze. Hujaiva."

Hakuwa anakuja kwa ajili yangu. Alikuwa anakuja kwa ajili ya kondoo wa mama yangu.

Ukitaka kumjua, anza na jicho. Hakumgusa mnyama mahali popote kabla ya jicho. Alimkumbatia kondoo shingoni kwa mkono wa kushoto, akasukuma kope ya chini kwa kidole gumba, akachungulia wekundu wa ndani kama fundi saa. Ukiwa mwekundu wa kukolea, alimwachia. Ukiwa wa kufifia, alinyamaza. Ukiwa mweupe, aliuliza mnyama anakula wapi, na hapo ulijua umekosa.

Tatizo ni kwamba mkono ukizoea jambo haubagui. Kwenye harusi ya dada yangu, tulipopanga mstari kusalimiana na wakwe, Bwana Mifugo alimfikia mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, mzee wa heshima zake, mwenye koti, na kabla hatujajua kinachoendelea kidole gumba kilikuwa kwenye kope ya mzee. "Samahani," alisema, "ni mazoea." Kisha akaongeza polepole, "Lakini kula mboga za majani."

Kwa mama yangu hakuomba samahani. Mama alikuwa akimletea maji ya kunawa, yeye akamshika bega, akalivuta jicho. "Mama, damu huna. Nenda kituo cha afya. Leo, siyo kesho." Mama alikwenda kwa hasira, akisema hajawahi kuona mtu anayemchanganya na kondoo. Walimlaza hukohuko. Aliporudi, kiti cha plastiki cha bluu kikawa cha Bwana Mifugo, na mtu mwingine akikikalia aliondolewa kwa macho. Mama aliishi miaka sita zaidi baada ya jicho lile. Ndiyo maana, watu wanaponiambia kwamba yule mzee alikuwa msumbufu, mimi husema ndiyo, alikuwa msumbufu, na nawahesabia ile miaka.

Halafu kulikuwa na suala la chanjo. Siku za kuchanja, watu walifika na mifugo yao tangu alfajiri, vumbi, kelele, kila mtu anataka amalize akawahi shamba. Mwingine angechoma sindano kila ngozi iliyopita mbele yake. Yeye alivuta kope kwanza, na wale wenye kope nyeupe aliwatenga pembeni.

"Bwana Mifugo, kondoo wangu umemruka!"

"Sijamruka. Nimemwahirisha."

"Sindano ipo, mkono upo, kondoo yupo. Kimepungua nini?"

"Yeye hayupo. Mwili umekuja, kinga yake imebaki nyumbani imelala. Mnyweshe hii dawa ya minyoo, mlete tena baada ya wiki nitakazokuandikia."

"Yaani nimetembea kutoka kule bondeni kuja kuandikiwa wiki?"

"Na utatembea tena. Miguu yako ni mizuri, siyo kama ya Mwali."

Walimtukana chinichini, wakasema anabania dawa. Wakubwa wake nao, nasikia, walitaka idadi kubwa ya waliochanjwa, siyo hadithi za kope. Yeye aliandika waliochanjwa kwenye ukurasa mmoja na walioahirishwa kwenye ukurasa mwingine, na kurasa zote mbili alizipeleka.

Nisimfanye malaika. Mtu aliyewachoma sindano wanyama wasio na idadi alikuwa akiogopa sindano kuliko mtoto. Alipokanyaga msumari pale kwetu na ikabidi akachomwe ya pepopunda, alitoa sababu saba za kutokwenda, na alipopelekwa aligeuzia uso ukutani na kuimba wimbo wa kwaya mpaka muuguzi akamwambia, baba, nimemaliza zamani. Alihubiri subira na yeye mwenyewe hakuwa nayo hata ya kusubiri chai ipoe. Hakufuga kitu. Hata kuku. Nilipomuuliza sababu, alisema ameona ndani ya wanyama wengi mno, sasa hawezi kumtazama mmoja kwa nje akatulia.

Na adui yake mkubwa, yeye alimpenda. Hilo ndilo lililonishangaza. Minyoo wa ini, vile vitu bapa vya kwenye mrija wa nyongo, hawafiki kwa kondoo hivihivi. Kwanza wanalelewa ndani ya konokono wadogo wa kwenye matope ya mabonde na majaruba ya mpunga. Bwana Mifugo alikuwa na kiberiti mfukoni, na ndani ya kiberiti hakukuwa na njiti, kulikuwa na konokono. Aliwahi kuchelewa maziko ya jirani kwa sababu alikuwa amechuchumaa mtaroni na suti yake nyeusi. "Tazama ulivyojipinda," alikuwa akimwambia konokono. "Nani kakufundisha?"

Mama alipofariki aliacha kondoo wanane. Maneno yake ya mwisho kuhusu jambo hilo hayakuwa marefu. "Dada yako ana mume na watoto. Wewe una kondoo. Wasiishie mikononi mwako." Dada yangu, ambaye hata msibani ulimi wake haupumziki, alisema, "Mama kawaachia kondoo mwenzao."

Nilitaka kumthibitishia kuwa amekosea, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu anayependa kutembea asingelifanya.

Bwana Mifugo alikuwa amesema, tena kwa kurudia, kwamba masika na baada ya masika kondoo wasishushwe bondeni upande wa Ruvu. Wakae juu, pakavu. Mimi niliposikia sheria inayosema mtu asitoke nyumbani, nilijisikia kama nimeandikiwa peke yangu. Nikawajengea banda karibu na baraza, nikawafungia. Kondoo wa ndani wa mtu wa ndani. Na kwa kuwa lazima wale, nikapatana na jirani yangu mwenye bodaboda, aliyekuwa na shamba la mpunga, aniletee majani kila asubuhi. Aliyaleta mabichi, yanachuruzika maji, marefu, laini, harufu yake ukitaka unaweza kuyala wewe. Nilikuwa nashona huku nawasikiliza wakitafuna. Nilijiona mwanasayansi.

Baada ya miezi kadhaa wakaanza kupata videvu. Uvimbe laini chini ya taya, kama mtu mwenye maisha mazuri. Nikampigia simu dada.

"Wananenepa mpaka kidevu," nilimwambia.

"Kondoo ana kidevu?"

"Wangu wanacho."

Wakati huohuo ikaja habari kwamba kijiji cha jirani mbuzi wanakufa kwa ugonjwa. Bwana Mifugo alikuwa amekwenda Kisarawe, kwenye shamba la mkewe, wanakojenga nyumba ya kustaafia. Ningeweza kumpigia. Sikumpigia kwa sababu nilijua atakachosema: vuta kope, ahirisha. Mimi nilitaka sindano. Nikamwita mtu anayepita na begi la sindano, akawachoma wote wanane bila kumtazama hata mmoja usoni, akaondoka. Nikamwambia mama, huko aliko, kwamba wako salama.

Wiki mbili zilizofuata walikufa wawili. Nikawazika. Wa tatu akafa siku Bwana Mifugo aliporudi, na yeye hakuniruhusu kumzika.

Alimpasua palepale, chini ya jua. Ini lilikuwa kama gunia lililochanika na kushonwa ovyo, kingo nene, mabaka meupe. Aliminya mara moja na wakatoka wengi hata hakusema "huyu hapa." Akafungua kifua, akatazama mapafu, akatikisa kichwa.

"Wawili wa kwanza siwezi kukwambia walikufa kwa nini. Umewazika, na mimi sisemi nisichokiona. Huyu ini limechakaa, kidevu hiki ni maji ya kukosa damu, siyo unene, na juu yake mapafu yamepata ugonjwa mwingine." Akanitazama. "Nani amewashusha bondeni?"

"Hawajatoka."

"Hata siku moja?"

"Hata hatua moja, Bwana Mifugo. Mlinzi wao ni mimi mwenyewe, na mimi unanijua."

Alisimama, akaenda bandani, akatazama hori. Akachomoa unyasi mmoja, akauinua. Shina lake lilikuwa jeupe kwa chini, mahali lilipokuwa limezama majini. Vimelea vyenyewe, alisema, hung'ang'ania hapo, vidogo kuliko tundu la sindano yangu, vikisubiri kuliwa.

"Mwali," alisema, "hukuwapeleka bondeni. Umewaletea bonde."

Nadhani angenifokea ningejisikia nafuu. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha bluu, kile alichotengewa na mama, akaomba chai.

"Lakini niliwachanja," nilisema.

"Najua. Nimeona alama." Akapuliza chai, akaungua, akaendelea. "Wewe fundi. Nikwambie kwa lugha ya kwako. Unadhani mnyoo huyu anashinda kwa nguvu?"

"Kwa alivyolifanya hilo ini, ndiyo."

"Anashinda kwa ujanja. Akiingia tumboni anatoboa utumbo, anafika kwenye ini, anatembea humo wiki nyingi akila. Askari wa mwili wanamwona, usidhani hawamwoni. Wanamrukia, wanamkamata koti. Yeye anavua koti. Chini ana lingine. Askari wamebaki wameshika koti mkononi, mwenyewe anaenda zake."

"Ana makoti mangapi?"

"Hayamwishii. Halafu anatoa majimaji yake, na majimaji yale yanawatuliza askari. Wale wakali wanaambiwa vita vimekwisha. Wanaoachwa kazini ni mafundi wa kuziba, wenzako, wanashona kovu juu ya kovu mpaka ini linakuwa suruali ya viraka. Na mwili uliotulizwa hivyo, adui mwingine akija, unachelewa kuamka. Ndiyo maana kondoo wengi nawakuta na mnyoo, lakini aliyewamaliza ni mgeni aliyekuja nyuma yake." Akanywa funda. "Chanjo siyo mbaya. Chanjo ni mwalimu. Lakini wewe ulimwingiza mwalimu darasani, wanafunzi wamelala. Pengine wawili watatu walisikia. Pengine hakusikia hata mmoja. Mimi kubahatisha sipendi, ndiyo maana naahirisha."

Nikamuuliza jambo ambalo nilifikiri ni la maana. Hawa watano waliobaki, wakipona, si watakuwa wamejifunza? Si mwili utamkumbuka adui?

"Ng'ombe, kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwili wake hujifunza. Kondoo hawa wa kwetu, mimi sijaona. Mwambukize leo, mponye, mwambukize mwakani, anampokea mnyoo kama hawajawahi kuonana."

"Sasa atajifunza nani?"

Nikaona tabasamu linakuja kabla halijafika.

"Mwenye kondoo. Hakuna mwingine. Na hapo ndipo ninapoogopa, Mwali, kwa sababu nakujua."

Alikaa siku mbili nzima. Aliwanywesha dawa wale watano mmoja mmoja. Akanionyesha jinsi ya kukata majani juu ya alama ya maji, siyo chini, na kuyaanika mpaka yakatike yakikunjwa, ndipo yaingie horini. Alipokuwa akipanda pikipiki, dada yangu, aliyekuwa amekuja kuniomboleza kwa kunicheka, alimwambia, "Bwana Mifugo, wewe si huwa huli maini? Nasikia hata Idi."

"Siku huyu atakaponiletea ini la kundi hili la mama, lisiwe na hata mmoja, nitalila. Mbele yenu."

"Basi utakufa hujalila," alisema dada.

Yeye na mkewe wakahamia Kisarawe moja kwa moja. Mimi nikabaki na kondoo watano na hofu.

Kila wiki nilimpiga picha kila kondoo jicho, kope imevutwa, nikamtumia Bwana Mifugo kwa WhatsApp. Haikuwa kazi rahisi; simu mkono mmoja, kope mkono wa pili, na kondoo hana haja ya kupigwa picha. Baadaye kidogo simu ililia. Hakuwahi kuandika jibu. Alipiga.

"Imefika. Sasa niambie rangi."

"Si umeiona?"

"Simu zinadanganya rangi. Chukua nyuzi zako. Weka uzi karibu na jicho, uniambie unafanana na uzi gani."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilichukua kipande cha kitambaa cheupe, nikashona juu yake mistari mitano ya nyuzi, kuanzia nyekundu ya damu, kushuka kwenye waridi, waridi ya kufifia, hadi ile nyeupe ya kushonea sanda. Nikawa nakiweka shavuni mwa kondoo na kusema, "Wa mkia mfupi, uzi wa pili. Jike jeusi, wa tatu na kidogo." Yeye akasema, huyu mwache, huyu mnyweshe, huyu uniambie tena Ijumaa. Majirani walinicheka, fundi anawapima kondoo nguo. Kisha wakaanza kuja. Mmoja akaomba nimshonee chake, mwingine akaomba, na sasa kuna mabanda kule kwetu ambayo kadi ya chanjo na kitambaa cha nyuzi vimechomekwa pamoja kwenye paa.

Watano wakawa saba. Saba wakawa kumi na mmoja. Na Idi iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu mama afariki, nilichinja wa kwetu.

"Ini liko wapi?" dada aliuliza, kitunguu kimeshakatwa.

"Linakwenda Kisarawe."

"Linakwenda na nani?"

"Na mimi."

Dada alikaa chini. Sisemi kwa kutia chumvi. Alitafuta kigoda akakaa.

Nililiweka kwenye ndoo ndogo yenye barafu, nikafunika kwa kitambaa, nikapanda magari mawili na bodaboda moja, nikipita mahali ambapo wenzangu wote wanapajua na mimi nilipaona kama nchi ya watu. Milima ya Kisarawe ina ubaridi mzuri. Nyumba yao iko nyuma ya mikorosho, bati jipya, na mkewe alinipokea getini.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona Bwana Mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Mwali wewe?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Ukifika mtajie jina lako mapema. Haoni. Mwaka wa pili sasa."

"Haoni? Lakini picha nilizokuwa natuma..."

"Mimi ndiye niliyekuwa namwambia imeingia. Aliniomba nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kutuma."

Nilisimama pale na ndoo yangu. Kila wiki. Uzi wa pili, uzi wa tatu na kidogo. Nilidhani mimi ndiye ninayemsomea ili anifundishe rangi, kumbe alikuwa hana macho mengine isipokuwa yangu.

Alikuwa amekaa kibarazani, amekonda, shati limenyooshwa. Nilipotoa shikamoo aligeuza uso kwa haraka.

"Marahaba! Mama, njoo usikie! Mwali ametolewa nje!" Akacheka mpaka akakohoa. "Umeleta nini? Nasikia barafu."

"Ini. La kundi la mama."

Kicheko kikaisha. Akatoa leso, akatoa kisu, akakipangusa. Mkewe akaleta sinia, na bila kuambiwa akarudi jikoni, nikasikia kikaango kikiwekwa motoni na vitunguu vikikatwa.

Alilipapasa polepole, pande zote. "Kingo nyembamba. Vizuri. Uso laini. Vizuri sana." Akanipa kisu. "Kata wewe. Mimi nitaminya. Wewe utatazama, uniambie."

Nilikata mara ya kwanza, akaminya. Hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, kwenye mrija, akatoka mmoja. Mdogo, bapa, akaanguka kwenye sinia bila sauti.

Uso wa Bwana Mifugo ulikuwa umeelekea kwenye mikorosho. Mafuta yalikuwa yanalia jikoni. Neno moja tu lilihitajika, safi, na mzee angekula alichokisubiri miaka yote ile, mimi ningerudi kumtambia dada, na mama, huko aliko, angejua wamekuwa kumi na mmoja mikononi mwangu. Mnyoo mmoja. Ningemsukuma kwa kidole chini ya ukingo wa sinia na dunia isingejua.

"Bwana Mifugo."

"Sema."

"Yupo mmoja."

Alipapasa sinia kwa ncha za vidole, akamfikia, akamgusa.

"Nilimsikia akipita kwenye gumba," alisema. "Nilikuwa nakusubiri wewe." Kisha akapaza sauti, "Mama! Acha ini. Vunja mayai!"

"Na vitunguu hivi?"

"Weka na vitunguu!" Akanigeukia. "Haya. Huyu ameingia vipi?"

Nikakiri. Masika iliyopita kulikuwa na wiki moja ya mvua mfululizo, kuanika majani haiwezekani, na kupanda kule juu kukata makavu nikaona uvivu. Nikapokea kwa jirani mzigo mmoja wa bondeni, nikauingiza horini mbichi. Mmoja tu, ukaliwa wiki moja.

"Kondoo hajifunzi," alisema. "Fundi cherehani nilikuwa sina uhakika." Lakini alikuwa anatabasamu. "Wamebaki kumi? Kesho wote wanywe dawa. Tena Ijumaa unisomee nyuzi. Na Idi ijayo ulete jingine."

"Likiwa safi?"

"Nitakula. Nimeahidi."

Mkewe akaleta mayai, akakaa nasi, akamtazama yule mnyoo kwenye sinia bila kuziba mdomo, maana amezoea. "Mwanangu," aliniuliza, "huyo asingekuwepo leo, ungerudi tena Kisarawe?"

Nikala mayai.

Nilirudi usiku. Kesho yake, kabla sijakaa kwenye cherehani, niliwanywesha dawa wote kumi. Ilipofika saa tatu jirani yangu wa bodaboda akapiga honi barabarani, mzigo wa majani mabichi unachuruzika nyuma ya pikipiki. Zamani angeuleta mpaka barazani. Nilitoka mwenyewe hadi barabarani, nikamwambia aurudishe, na kwa kuwa nilikuwa nimeshatoka, nikachukua panga, nikapanda kule juu kukata makavu.